Theluji ya New York na Utabiri Ulioachwa Makusudi

Alasiri ya Machi 13, 2017, modeli mpya za kompyuta ziliwaonyesha watabiri wa Huduma ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani kwamba theluji ya New York ingepungua, nao wakauacha utabiri wa theluji nyingi vilevile, wakidai kwamba kuubadilisha ghafla kungewachanganya wananchi. Uamuzi huo uliitwa tahadhari, lakini kwa hakika ulikuwa ni kuwanyima watu habari iliyokwisha kupatikana.

Dhoruba iliposogelea pwani, hewa vuguvugu ya baharini ilipenya juu ya baridi iliyolala ardhini, ikajenga tabaka ambalo wanataaluma huliita pua ya joto, kwa umbo linaloonekana kwenye mchoro wa vipimo vya puto. Theluji inayoyeyuka nusu humo huganda tena ikishuka na kufika kama punje za barafu, ambazo kwa maji yaleyale hurundikana kimo kidogo mno kuliko theluji. Inayoyeyuka yote, baridi ya chini ikiwa nyembamba, hufika kama mvua igandayo, yaani maji yanayogeuka barafu mara yagusapo barabara au waya. Nyuzijoto mbili tatu juu ya sifuri ndizo zinazoamua, na hakuna wa kumlaumu mtabiri aliyezikosa siku tatu kabla. Lakini hawa walizijua kabla theluji haijaanza kudondoka. Central Park ikapata takriban sentimita 19, zikichanganyika na punje, na idara ya mji iliyojiandaa kuzoa theluji nyingi ilipaswa kuambiwa mapema kwamba barafu huhitaji chumvi zaidi.

Ni kweli, onyo la mapema kwamba dhoruba kubwa inakuja lilikuwa sahihi, na Binghamton, bara, ilizikwa kwa zaidi ya sentimita 75.

Kosa la Januari 2015, mji ulipofungwa pamoja na treni zake za chini ya ardhi kwa theluji iliyokuja pungufu, lilikuwa la kitaaluma. La 2017 lilikuwa la hiari, na mzizi wake ni ramani ya rangi ya utabiri inayoahidi kimo cha theluji, ilhali kinachojulikana ni uwezekano tu, uwezekano ambao mwananchi anayecheza bahati nasibu kila wiki anadhaniwa hawezi kuuelewa. Machi 1993, kwa kompyuta dhaifu zaidi, watabiri, akiwamo Louis Uccellini, walitangaza dhoruba ya karne siku kadhaa kabla, wakiziamini modeli zilipowaeleza jambo lisilo la kawaida. Uccellini huyohuyo ndiye aliyeiongoza huduma hiyo mwaka 2017.