Vitabu vya Mapishi Vinavyoanzia Dukani

Wakusanyaji wa vitabu vya mapishi tunajuana: vingi tunavyonunua hatuvipikii. Tunavisoma jioni kama riwaya, tunatazama picha, tunafunga. Mimi sioni ubaya. Kitabu cha mapishi kina mhusika wake mkuu, naye ni huyo "wewe" anayeambiwa katakata, kaanga, koroga. Kina mandhari yake pia: jiko, sinki, duka la jirani. Ila kilete Kagerankanda, huku kwetu Kasulu, ukipikie kweli juu ya mafiga, ndipo utajua kama huyo "wewe" ni wewe.

Kikongwe kuliko vyote kwenye rafu yangu ni The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide, kilichotolewa na chama cha akina mama wa Kanisa la St. Andrew, Nairobi, mwaka 1928. Humo angalau hakuna kujificha. Anayesoma ni memsahibu. Anayepika, mara nyingi, ni Mwafrika asiye na jina. Mapishi yanatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kwa njia ya amri. Ukikisoma leo unacheka kidogo, halafu unanyamaza.

African Cooking cha Laurens van der Post (1970), katika mfululizo wa Time-Life, kilikuja na mbinu nzuri: kitabu kikubwa cha picha na simulizi cha kukaa sebuleni, na kijitabu cha waya cha kuingia nacho jikoni. Wachapishaji walijua kwamba kusoma na kupika ni kazi mbili. Lakini simulizi ni ya msafiri. Anakaribishwa, anaonja, anaondoka, na anayeonja hana haja ya kujua chakula kilianza kuandaliwa siku gani.

Vitabu vya pwani ni habari nyingine. A Taste of Zanzibar kimeandikwa na Zarina Jafferji, mtu anayeijua meza ya kwao. Shida inaanza pale wali wa nazi na pilau vinapogeuzwa kuwa "chakula cha Kitanzania", nukta. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Nazi iliyosafiri hivyo haiwezi kuwa kitu cha kila siku. Mafuta ya huku ni mawese. Kisamvu tunakiita sombe, na sombe ya mawese na kisamvu cha nazi ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Arjun Appadurai aliandika mwaka 1988 jinsi vitabu vya mapishi vya tabaka la kati la mijini vilivyosaidia kuunda chakula cha taifa kule India. Kwetu hata vitabu havikuhitajika sana, menyu za hoteli zimetosha.

Kati ya vipya ninachokipenda zaidi ni In Bibi's Kitchen (2020) cha Hawa Hassan na Julia Turshen. Bibi anahojiwa, anajibu mwenyewe, ana jina na ana nyumba. Baada ya memsahibu na msafiri, jamani, unapumua. Kigezo chake ni nchi nane za Afrika zinazogusa Bahari ya Hindi, Tanzania ikiwamo. Sasa, maji ya Kasulu yanaingia Malagarasi, Malagarasi inaingia Ziwa Tanganyika, na ziwa linatokea Lukuga kwenda mto Kongo na Atlantiki. Tumo ndani ya nchi ya kitabu, ila mvua yetu inakwenda bahari nyingine. Ni utani, lakini si utani mtupu: jiko la Waha lina undugu zaidi na Burundi na Kongo kuliko na Tanga.

Muhogo ndio unaonigombanisha na rafu nzima. Mapishi yakiufikia yanasema: unga wa muhogo, vikombe viwili. Basi. Yaani kitabu kinaanzia dukani. Ugali wa muhogo mchungu unaanza siku kadhaa nyuma: kumenya, kuloweka mpaka ulainike, kuanika juani, kutwanga, kuchekecha. Hizo siku ndizo mapishi yenyewe, kwa sababu muhogo mchungu una sumu ya sianidi na kazi yote ile ni ya kuitoa. Hata sombe ni hivyo hivyo. Kutwanga majani kabla ya kuyachemsha si kwa ajili ya ulaini tu. Anayeyakatakata kama mchicha ameruka hatua yenye kazi.

Na hatua hizi zikirukwa, watu wanalemaa. Konzo ni ugonjwa wa kupooza miguu ghafla, na nguvu zile hazirudi. Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1985, wakati wa ukame, ulizuka Tarime, kwa watu waliokula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Watafiti waliofanya kazi Bandundu, Zaire, waliandika mwaka 1992 jambo ambalo ningetaka kila mhariri wa mapishi alisome: biashara ya muhogo ilipokua, kuloweka kwa siku tatu kulifupishwa kukawa kwa siku moja.

Mtu ataniambia akina mama wale hawakuhitaji kitabu. Kweli, walijua, njaa na soko ndivyo vilivyowaharakisha. Kitabu ni cha yule anayekuja baada yao: kijana wa Kasulu aliyekulia unga wa paketi mjini, au mtoto aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu, iliyopo tangu 1996, ambaye unga kwake ni kitu cha mgawo, kinachotoka kwenye gunia.

Lawama ya kawaida dhidi ya mapishi ya Kiswahili ni neno "kiasi": chumvi kiasi, maji kiasi. Mimi nalitetea. Kiasi kinadhani kuna mtu amesimama kando yako. Ila siku za kuloweka haziwezi kuwa kiasi.

Kinachokaribia ninachotafuta hata si kitabu cha mapishi. Ni Tanzania Food Composition Tables (2008), kazi ya MUHAS, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard: majedwali, kila chakula kwa gramu 100, kwa Kiingereza. Hakuna anayekwenda nacho kitandani. Lakini muhogo umo, na mistari yake ni sawa na ya wali. Mwandishi atakayeuchukua usawa huo, akampa sauti bibi wa Kasulu kama Hawa Hassan alivyowapa wake, na juu ya ukurasa wa ugali wa muhogo akaandika "siku tano" badala ya "dakika ishirini", nitanunua kwake nakala mbili: moja ya rafu, nyingine ya kuchafuka mawese.