Mashua Iliyopindishwa Makusudi

Gondola tupu iliyofungwa kwenye nguzo za Venice humkera mtu anayejua vyombo. Imelalia ubavu wa kulia, na ukiitazama kutoka omoni hadi tezini unaona haikunyooka. Imepinda kama ndizi. Unaweza kudhani fundi alipitiwa na usingizi. Ngoja mwendeshaji apande, asimame juu ya tezi upande wa kushoto na kushika kasia lake moja. Hapo gondola huinuka, ikakaa sawa, ikakata maji bila kuyumba.

Mtu mmoja akipiga kasia upande wa kulia tu, mashua ya kawaida itamgeukia kushoto mpaka izunguke. Kwa hiyo ubavu wa kushoto wa gondola hufanywa mpana kuliko wa kulia kwa sentimita 24 hivi. Upana huo hubeba uzito wa mpiga kasia, nao mpindo hurudisha kulia kile ambacho kasia linasukuma kushoto. Haina mkuku, kitako chake ni bapa, maana maji ya huko ni ya kina kifupi na mifereji ina kona za ghafla. Ndiyo maana chombo cha karibu mita 11, kimejaa abiria, huongozwa na mtu mmoja anayepiga soga huku akifanya kazi.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Jina la gondola limo katika hati ya mtawala wa Venice ya mwaka 1094, na mwishoni mwa karne ya 15 Vittore Carpaccio alizichora zikiwa fupi kuliko za leo. Umbo la sasa ni kazi ya mafundi wa karne ya 19. Anayetajwa zaidi ni Domenico Tramontin, aliyefungua karakana yake mwaka 1884. Inanichekesha kidogo kwamba kitu wanachouziwa watalii kama urithi wa kale kilikuwa kingali kinarekebishwa wakati treni zimekwisha kuzoeleka mjini.

Karakana ya gondola huitwa squero. Ile ya San Trovaso, ya karne ya 17, ina nyumba ya mbao inayofaa mlimani kuliko majini, kwa kuwa maseremala wengi walishuka kutoka milima ya Cadore, kulikotoka pia mbao zenyewe. Ndani, kipimo kikuu ni kitanda cha mbao kinachoitwa cantier. Juu yake fundi husimamisha omo, tezi na mataruma ya katikati, kisha huzungushia mbao za ubavuni. Hizo ni za mwaloni, ndefu na kaidi, nazo hukunjwa kwa moto na maji: upande mmoja huchomwa kwa matete yanayowaka, upande wa pili hulowanishwa, na ubao hukubali kidogo kidogo. Ukiulazimisha, unapasuka. Ukizubaa, unaungua. Baada ya hapo bado kuna kazi tele, maana gondola moja ina vipande vipatavyo 280 vya miti ya aina nane.

Lakini kwangu mimi, kilele cha ufundi huu ni kileti chake, forcola. Hakitengenezwi na fundi wa mashua bali na remer, bingwa wa makasia. Huchongwa kutoka pande moja la mti wa jozi lililoachwa likauke kwa miaka. Hakina pete wala kamba ya kulizuia kasia. Kasia huegemea tu, na mzembe huliona likimchomoka. Kila kona ya kileti hicho ina kazi yake: hapa pa kuanzia kwa nguvu, pale pa mwendo wa kawaida, pengine pa kugeuza, kupunguza kasi au kurudi nyuma. Remer hupima kimo cha mtu na namna anavyosimama, kisha hukata, hupiga randa, hulainisha. Wapo watu wanaovinunua vileti hivyo na kuviweka sebuleni kama sanamu. Siwalaumu.

Wageni huelezwa kwamba meno sita ya chuma cha omoni ni mitaa sita ya Venice. Hadithi tamu. Mimi navutiwa zaidi na uzito wa chuma hicho, unaomsawazisha mtu aliyesimama nyuma. Rangi nyeusi nayo husimuliwa kwa sheria za karne ya 16 za kuwabana matajiri waliokuwa wakishindana kwa mapambo.

Siku hizi baadhi ya gondola hujengwa kwa plaiwudi ya baharini, ambayo haihitaji moto wa matete. Hutoka upesi na kwa gharama ndogo, na abiria wa nusu saa hatatambua tofauti. Mwendeshaji anayesimama juu yake kutwa nzima ndiye wa kuulizwa, na waendeshaji wengi wangali wanangoja zamu yao kwa fundi wa mbao.