Linux ndani ya Windows, kwa ajili ya mikoko ya Ruvuma

Anayetaka kupima mikoko ya mdomo wa Ruvuma hahitaji kununua picha. Za setilaiti za Sentinel-2 hutolewa bure na Umoja wa Ulaya, pikseli zake mita 10, na zinaifunika hifadhi yote ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na mdomo wa Ruvuma, kilomita za mraba 650 zilizotangazwa mwaka 2000. Gharama iko kwenye bando, maana kigae kimoja cha kilomita 110 kwa 110 huweza kukaribia gigabaiti nzima. Iko pia kwenye kompyuta, ambayo mara nyingi ni laptopu ya mtumba yenye Windows na memori ya gigabaiti 8.

Kwa kutazama ramani tu, QGIS ya Windows inatosha na asidanganywe mtu. Linux inahitajika pale picha zinapokuwa za miaka minane, skripti ni moja, na siku moja itahamishiwa kwenye seva. Seva za kazi hii huwa za Linux.

Zamani kuziweka Windows na Linux pamoja kulikuwa kazi. Cygwin, tangu 1995, ilidai kila programu ijengwe upya kwa ajili ya Windows. Wubi ya 2008 iliiweka Ubuntu ndani ya faili la Windows, lakini ilibidi uzime na kuwasha ili uhamie upande wa pili. Microsoft walipoleta WSL (Windows Subsystem for Linux) mwaka 2016, toleo la kwanza halikuwa na Linux yenyewe: lilikalimani maombi ya programu za Linux na kuyapeleka kwa Windows, na palikuwa na maombi ambayo mkalimani hakuyajua. Toleo la pili, lililotangazwa 2019 na kusambazwa 2020, liliacha ukalimani. Linaendesha kerneli halisi ya Linux ndani ya mashine pepe nyepesi, yenye diski yake ndani ya faili moja kubwa.

Maelekezo ya kawaida yanasema uandike `wsl --install` usubiri. Kwa laptopu moja, sawa. Kwa darasa zima ni kushusha mzigo uleule mara nyingi, na Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, Tanzania nzima iliona intaneti inavyoweza kututoka. Njia ninayoipendelea ni kuiandaa laptopu moja kikamilifu, Ubuntu pamoja na Python na GDAL, zana za kusindika picha za ramani, kisha `wsl --export Ubuntu ruvuma.tar`. Faili hilo hupita kwa flashi, na kila laptopu inalipokea kwa `wsl --import`. WSL yenyewe nayo ina faili lake la kusakinisha bila mtandao, libebwe pamoja.

Flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili la zaidi ya gigabaiti 4, kwa hiyo ifomatiwe exFAT. Mfumo ulioingizwa kwa njia hii hufunguka kama root, na jina la mtumiaji wa kawaida linawekwa kwenye `/etc/wsl.conf`. La hatari zaidi: faili la tar hubeba kila kitu, pamoja na funguo zako za SSH. Zifute kabla ya `wsl --export`, la sivyo darasa zima litaingia kwenye seva kwa jina lako. Laptopu ikigoma kabisa kuwasha WSL 2, tazama kwanza BIOS; uwezo wa kuendesha mashine pepe huwa umezimwa humo.

Panapoamua kasi ya kazi ni mpakani mwa Windows na Linux. Diski ya Windows huonekana ndani ya Linux kama `/mnt/c`, na mgeni huweka mradi wake wote huko kwa sababu ndiko alikozoea. Kila faili linalofunguliwa kwa njia hiyo linavuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, kama mfanyabiashara anayepanda kivuko cha Kilambo, kwenye mto Ruvuma, mara mia kwa pakiti mia za chumvi badala ya kuzifunga gunia moja. Vifurushi vya Python na Git, vyenye maelfu ya faili ndogo, ndivyo huumia zaidi. Mradi ukae ndani ya Linux, kwenye `~`, na Windows iufuate kupitia `\\wsl.localhost`.

Ila ukiweka kila kitu ndani, unaingia shimo jingine. Faili la diski ya Linux hupanuka kadiri unavyoongeza picha, lakini ukizifuta halisinyai lenyewe. Diski C itabaki imejaa picha ambazo hazipo. Kwa hiyo mimi hugawa: picha asilia zinabaki diski ya nje, na `gdalwarp` inavuka mpaka mara moja tu, ikikata kipande cha kutoka Msimbati hadi mdomo wa mto katika EPSG:32737, yaani kanda ya UTM ya 37 kusini. Kipande hicho ndicho kinachoingia ndani. Memori nayo iwekewe kikomo kwenye `.wslconfig`, maana bila hicho Linux huruhusiwa kuchukua hadi nusu, na kivinjari upande wa Windows kitaanza kukohoa.

Baada ya hapo hesabu ni fupi: mkanda wa 8 na wa 4, tofauti yao kugawanywa kwa jumla yao, na majani mabichi yanajitokeza. Lakini setilaiti hupita kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Siku za bamvua maji huwa yamekupwa saa hizo na miche ya mbele iko wazi. Siku za maji mafu, saa hizohizo bahari imejaa na miche inasomeka kama maji. Ukilinganisha picha ya bamvua ya mwaka huu na ya maji mafu ya mwaka jana, utatangaza msitu uliokua bila mti kuongezeka. Ndiyo maana skripti yangu husoma jedwali la maji kabla ya kugusa picha, na tarehe isiyofaa huiruka.