Le Mans '66 na ile dakika moteri inapokufa

Wapenzi wa ukurasa huu, wengi wenu mmeisifu Le Mans '66, ile filamu ya James Mangold ya mwaka 2019 ambamo Christian Bale anacheza Ken Miles na Matt Damon anacheza Carroll Shelby. Na miye niliipenda, sitasema uongo. Lakini tangu niiangalie kwetu Lokandu, uani kwa baba mdogo, kuna kitu kimenikaa kooni, na leo nataka kukitoa.

Baba mdogo aliendesha malori miaka mingi kabla macho hayajamchosha. Tuliweka kompyuta juu ya kiti, jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba, watoto wa jirani wakajaa. Yeye alikaa kimya muda wote. Mashindano yenyewe yalimpendeza: masaa 24 bila kulala, usiku, mvua. Ikafika pale Miles na Bandini wanafukuzana kwenye barabara iliyonyooka. Moteri ya Ferrari inapasuka, moshi unatoka, Miles anapita. Sisi vijana tukapiga makelele. Baba mdogo akainua mkono.

«Rudisha nyuma.»

Nikarudisha.

«Rudisha tena. Miye nataka kuona miguu yake.»

«Ya nani, papa?»

«Ya huyu mwenye moteri inakufa. Anafanya nini na miguu?»

Nilirudisha mara tatu. Miguu haionekani. Tunaona moshi, tunaona hasira ya dereva, kisha kamera inamkimbilia anayeshinda. Motokari iliyokuwa na mbio kama risasi imepoteza moteri, na filamu haina habari namna mtu aliye ndani alivyoisimamisha.

Mtasema hiyo ni kazi ya shule ya udereva, filamu ni hadithi. Sawa, lakini tuangalie hadithi yenyewe ilikuwa nini. Juni 1966, kule Ufaransa, Ford ilipeleka GT40 Mk II nane zenye moteri ya lita 7. Zilizofika mwisho ni tatu. Ferrari ilileta 330 P3, na hata moja haikumaliza. Yaani habari kubwa ya siku ile ni motokari za gharama ya kutisha zikifa njiani, moja baada ya nyingine, na kila mara dereva fulani akiwa peke yake ndani na sekunde chache za kuamua. Filamu imechukua zile tatu zilizofika pamoja, ikatufanya tugombane juu ya nani alistahili ushindi, Miles au McLaren. Ugomvi mzuri, nakubali. Ila madereva wale wengine wamegeuzwa kuwa moshi wa kupamba barabara.

Kinachonishangaza zaidi ni sauti. Filamu hii ilipata Oscar mbili, moja ya uhariri wa picha na nyingine ya uhariri wa sauti, na kwa kweli masikio yanashiba. Kila wakati tunapelekwa kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, moteri inalia mpaka kifua kinatetemeka. Lakini muulize shofere yeyote wa njia zetu: mara nyingi moteri inayokufa ghafla haipigi bomu. Inanyamaza. Unasikia upepo, unasikia matairi juu ya mawe, unasikia mwenzako pembeni akiuliza «kuna nini?» Ukimya ule ndio wenye hatari, kwa sababu motokari ingali na mbio zake zote na wewe unadhani imekwisha kusimama. Watu waliojua kutengeneza sauti namna ile wangeweza kutupa ukimya huo, hata sekunde tano tu. Hawakutupa.

Niseme kwa nini jambo hili linaniuma. Ndugu yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliazimwa motokari ya rafiki pale Kindu, moja ya zile fupi za milango miwili, iliyolala chini. Yeye ni mtoto wa filamu kama sisi wote. Kwenye mteremko, moteri ikazimika. Kwanza akakanyaga mafuta, kwa sababu kwenye filamu shujaa akipata shida anakanyaga mafuta. Haikuitika. Akapiga freni mara nyingi nyingi, pa-pa-pa, mpaka ikawa ngumu kama ubao. Mwisho akazungusha funguo na kuuchomoa ili aanze upya, na usukani ukajifunga. Motokari ikaenda ilikotaka, kwenye meza ya mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi. Yule mama alivunjika mguu. Mpaka leo anatembea na fimbo, na ndugu yangu hapiti ile barabara.

Nilipomuuliza, aliniambia jambo moja tu: «Nilikuwa nangoja mlipuko. Haukuja, nikafikiri si kitu.»

Baba mdogo usiku ule, filamu ikiwa imesimama kwenye moshi wa Bandini, alituonyesha kwa miguu yake mwenyewe, ameketi kwenye kiti cha mbao. Mguu wa kushoto chini, kanyaga klachi, ili magurudumu yaachane na moteri. Ikiwa imekwama ndani inaweza kuyafunga magurudumu ukiwa kwenye mbio. Mikono miwili, kwa sababu usukani utakuwa mzito, si kwamba umeharibika. Freni: kanyaga mara moja, kwa nguvu, shikilia. Pumzi inayosaidia freni inabaki kidogo tu, na kila ukiachia na kukanyaga tena unaimaliza. Washa taa za hatari. Tumia mbio zilizobaki kujitoa pembeni, usizipoteze katikati ya njia. «Na funguo,» akasema, akiwaangalia watoto, «hapana gusa funguo mpaka isimame. Hapana!» Kisha akaongeza kwamba moteri ikipasuka kama ile ya Ferrari, oili inaweza kumwagika chini ya matairi yako mwenyewe, kwa hiyo hapana kukata kona kwa ghafla. Dakika mbili hivi, bila muziki, na watoto waliokuwa wakipiga makelele wakawa wanakanyaga klachi hewani.

Ndiyo sababu sikubali kwamba jambo hili halina hadithi ndani yake.

Ushahidi wangu mwingine uko karibu na kwetu. Mwaka 1951 John Huston alikuja kupiga The African Queen, na sehemu yake aliipiga juu ya mto Ruiki, huko Biondo upande wa Ubundu, mto unaoingia Lualaba yetu hiihii, chini ya Lokandu. Humphrey Bogart alipata Oscar kwa filamu hiyo. Ni filamu ya wazungu wawili kwenye mashua kuukuu, na sisi wenye mto tunaonekana humo kidogo sana, hilo nalo lina makala yake siku nyingine. Lakini moteri! Ile moteri ya mvuke ina tabia, inakohoa, Bogart anaipiga teke kwa sababu anajua hasa wapi inaumwa. Mhimili unapopinda na pangaboi linapovunjika, filamu inasimama. Inatuonyesha mtu akizama majini kuvifungua, moto ukiwashwa ufukweni, chuma kikinyooshwa, mwanamke akisisitiza kwamba itawezekana. Hakuna anayeshinda kitu wakati ule. Na ndiyo sehemu ambayo baba mdogo alisogeza kiti karibu.

Mangold ana vifaa ambavyo Huston hakuviota, ana Bale anayeweza kuongea na motokari kama mtu na mkewe, na bado alipofika kwenye kifo cha moteri akageuza uso. Nadhani ni kwa sababu filamu yake inampenda mwenye kushinda kuliko inavyopenda motokari, ingawa inajifanya vingine.

Zote mbili ziko kwenye flash yangu. Nitakuwa Kindu juma lijalo, anayezitaka anitafute. Anza na ile ya mashua.