Zawadi Iliyomshinda Mpokeaji

Kila kizuri kina haki ya kutazamwa, na kila kinachotazamwa kina haki ya kupimwa. Ndugu msomaji, leo tukipime chombo cha fedha kiitwacho Woodlawn Vase, tuzo ya mbio za farasi za Preakness, zilizoanzishwa Baltimore, Marekani, mwaka 1873.

Chombo hiki kilifuliwa mwaka 1860 na masonara wa Tiffany kwa ajili ya chama cha mbio cha Woodlawn, katika jimbo la Kentucky. Kimo chake ni karibu futi 3 na uzito wake karibu ratili 30. Ukikitazama kutoka chini jicho halipati pa kutua: ni pambo juu ya pambo, mpaka kileleni aliposimama farasi Lexington na mpandaji wake. Mkono wa sonara ni hodari, lakini hakujua mahali pa kunyamaza. Lau angepunguza nusu ya mapambo, haiba ingezidi. Ama sanamu za wenye roho, hukumu yake kwetu yajulikana, wala haigeuzwi na uzuri wa ufundi.

Lexington alizaliwa mwaka 1850, akashinda mbio 6 katika 7, kisha akapofuka. Kutajwa kwake ni haki. Lakini aliyemfunza mwanzoni ni Harry Lewis, mtu mweusi aliyetoka utumwani. Na Kentucky ya 1860 ilikuwa bado nchi ya watumwa, ambao wengi wao ndio waliolisha na kusugua farasi wa mabwana. Mnyama amewekwa kileleni, mfunzi wake hayumo. Huo ndio upungufu mkubwa kuliko wingi wa mapambo.

Yasimuliwa kwamba wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza 1861, chombo kilifukiwa ardhini kisije kikayeyushwa kikafanywa risasi. Mwaka 1917 kikawa tuzo ya Preakness. Mwaka 1953 akashinda Native Dancer, farasi wa Alfred Vanderbilt, na hata nyumba ile ya kitajiri haikutaka kubeba dhamana ya kukiweka. Tangu hapo mshindi hupewa mfano mdogo, na chenyewe kikawekwa katika jumba la sanaa la Baltimore, kikitolewa kwa ulinzi siku ya mbio.

Kushindanisha farasi si kugeni kwetu. Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha Madina, na wanavyuoni wameruhusu zawadi humo, pasi na kamari. Lakini zawadi hutoka mkono huu ikaingia mkono ule. Ikiwa ghali hata haipeki, si zawadi tena. Imekuwa bwana, na watu ni walinzi wake.

Nasi tujitazame. Ni nyumba ngapi zina sinia na mabirika yaliyofungiwa kabatini, mgeni akaja akaondoka asiandaliwe kwayo? Mali ni ya kumtumikia mtu, na aliyefanya kazi ndiye wa kwanza kukumbukwa.

Wallahu aalam.