Ustadi wa Kungoja

Delphine ni karani katika ofisi moja jijini Paris. Likizo ya kiangazi inakaribia, na rafiki aliyepanga kusafiri naye Ugiriki anapiga simu kuvunja safari. Mapenzi yake ya zamani yamekwisha, ingawa yeye hajakubali kabisa kwamba yamekwisha. Siku za mapumziko zinamngoja, na hana pa kwenda wala wa kwenda naye. Hicho ndicho kisa cha *Le Rayon vert*, yaani Mwali wa Kijani, filamu ya Éric Rohmer ya mwaka 1986. Haina mauaji wala mahari iliyoibiwa wala siri ya ukoo inayofichuka. Mwanamke anatafuta mahali pa kupumzisha moyo, anapakosa, analia, anarudi mjini, anaondoka tena. Naihesabu miongoni mwa filamu bora kabisa za mapenzi, kwa sababu ni kazi ya fundi aliyejua kungoja.

Uzito wa kukosa pa kwenda unaonekana zaidi ukijua likizo ni kitu gani kwa Wafaransa. Sheria ya mwaka 1936 iliwapa wafanyakazi majuma mawili ya mapumziko yenye malipo, na kufikia mwaka 1982 majuma hayo yalikuwa matano. Mwezi Agosti maduka mengi ya Paris hufungwa na watu huelekea pwani au milimani, familia kwa familia, wapenzi kwa wapenzi. Anayebaki peke yake huonekana, na huulizwa maswali. Delphine anaulizwa na kila mtu. Kila rafiki ana dawa yake: toka, changamka, tafuta mwanamume, jiunge na kundi. Rafiki yake Béatrice anamkazia ushauri mbele ya wenzao mpaka Delphine anajitenga na kububujikwa na machozi.

Rohmer angeweza kuyaandika haya yote mezani kwake. Alikuwa mtu wa kalamu: aliwahi kufundisha fasihi, akawa mhariri wa jarida la *Cahiers du cinéma*, na filamu zake zilisifika kwa mazungumzo aliyoyapima neno kwa neno, ambayo waigizaji waliyashika kama yalivyoandikwa. Safari hii, akiwa na umri wa miaka 64, aliiweka kalamu kando. Alichukua kamera ya mkanda wa milimita 16 na kikundi kidogo sana cha wafanyakazi, wengi wao wanawake vijana. Sophie Maintigneux alishika kamera, Claudine Nougaret akashughulikia sauti. Waigizaji walielezwa hali ya tukio, kisha wakaachiwa watafute maneno yao wenyewe. Marie Rivière, anayeigiza Delphine, ametajwa kwenye filamu kuwa mshiriki katika utungaji, na alistahili, kwani maneno mengi ya Delphine yalizaliwa kinywani mwake.

Matunda ya uamuzi huo yanaonekana mezani huko Cherbourg. Delphine amekaribishwa katika familia ya rafiki yake, na wengi waliokaa pale si waigizaji wa kazi. Nyama inaletwa, Delphine anasema yeye hali nyama, na maswali yanaanza. Kwa nini? Samaki je? Mayai je? Hakuna anayemtukana. Wanauliza kwa upole, kwa udadisi wa wenyeji wanaotaka mgeni wao ashibe, na upole huo ndio unaombana zaidi. Anajieleza, anakwama, anaanza upya, anasifu majani ya saladi, anapotea katikati ya sentensi yake mwenyewe. Mwandishi stadi angemkatia maneno na kumpa jibu moja kali la kuwanyamazisha wote. Rohmer anamwacha aendelee. Katika kuendelea huko, saladi inabaki juu juu tu. Tunaanza kumsikia mtu anayetetea haki ya kuwa alivyo mbele ya watu wema wasiomwelewa.

Ustadi huu si rahisi, ingawa ukiutazama juu juu utadhani mtu aliwasha kamera tu akakaa pembeni. Kumwacha mtu aseme kunataka kwanza umchague, umjue, umwekee mazingira, kisha ujue ni wapi pa kukata. Filamu imegawanywa kwa tarehe zilizoandikwa kwa mkono, na tarehe hizo zinahesabu likizo inavyopungua. Delphine anakwenda milimani La Plagne na kurudi Paris siku ileile. Anatembea peke yake mashambani, upepo ukitikisa majani, na kamera inamfuata bila kumharakisha mpaka anapolia. Muziki haupandishwi ili utuamuru kumhurumia, wala hatokei mtu wa kutufafanulia kilio chake. Tunabaki naye, na kubaki naye ndiko kunakotufundisha kumjua.

Tena Delphine si mtu wa kupendeka kwa urahisi. Bembea inamtia kichefuchefu, mashua vilevile. Wanaume wanaomsogelea anawakimbia. Huko Biarritz, mji wa pwani, anakutana na msichana kutoka Sweden, Lena, mcheshi, mwepesi wa kuzoeana na vijana wa kiume, na Delphine anaondoka mbio katikati ya mazungumzo. Rohmer hamhukumu Lena, wala hamsafishi Delphine. Anaonyesha kwamba wepesi unaomfaa mmoja unaweza kuwa mzigo kwa mwingine, na kwamba ushauri mwema ukitolewa kwa mtu asiyesikilizwa hugeuka kelele.

Huko huko Biarritz, Delphine anawasikia wazee wakizungumzia riwaya ya Jules Verne ya mwaka 1882 yenye jina lilelile la filamu. Wanasimulia kwamba aonaye mwali wa kijani jua linapozama huweza kuusoma moyo wake na mioyo ya wengine. Mzee mmoja anaeleza na sayansi yake: hewa huupinda mwanga wa jua lililo chini na kuzitenganisha rangi zake, nyekundu hutangulia kuzama, buluu imekwisha kutawanyika njiani, na kijani hubaki kwa muda wa kupepesa macho. Ili uuone, upeo wa bahari uwe safi, na uwe unatazama wakati huohuo. Watengenezaji wa filamu nao walilazimika kuungoja: picha ya mwali huo ilipatikana baadaye, katika visiwa vya Canary. Walichomtaka mhusika wao avumilie, walikivumilia wenyewe.

Mwishoni, kwenye kituo cha treni cha Biarritz, Delphine ameketi anasoma Dostoevsky, tayari kurudi Paris. Kijana mmoja anamtazama, wanazungumza. Yeye anaelekea Saint-Jean-de-Luz, na Delphine, mwanamke aliyekimbia kila mwaliko wa mwanamume, anaomba kufuatana naye. Hapo ndipo anapokua. Bado hali nyama, bado ni mwoga, bado machozi yako karibu. Hakugeuka kuwa Lena wala kumtii Béatrice. Kilichobadilika ni kwamba kwa mara ya kwanza amechagua mwenyewe, na akasema. Mwali unapoonekana jioni ile ufukweni, tunaona furaha aliyoilipia kwa kila alichokikataa.

Filamu hii ni ya tano kati ya sita ambazo Rohmer aliziita Vichekesho na Methali. Sisi tunasema subira yavuta heri, na mara nyingi tunamaanisha nyamaza, vumilia, yatapita. Subira ya Delphine ni ya namna nyingine. Anahangaika, anasafiri, anakataa, analia mbele za watu, lakini hakubali kujidanganya ili asiwe mpweke. Ni subira yenye uchungu na yenye msimamo, na Rohmer aliiheshimu kiasi cha kuijengea filamu nzima.

Tamasha la Venice liliipa kazi hii Simba wa Dhahabu mwaka 1986. Ingawa ilitengenezwa kwa vifaa vichache, ilikuwa na kile ambacho fedha nyingi haziwezi kununua: muda wa kumsikiliza mtu mmoja mpaka asikike. Hadithi za mapenzi zina haraka ya kuwaunganisha wawili. Hii ilimpa mmoja nafasi ya kuwa yeye kwanza, na ndiyo maana anapompata wa pili tunaamini. Anayetaka kuandika juu ya mapenzi, au kumfariji rafiki aliye mpweke, aanzie hapo: aache kumtafutia dawa, amsikilize mpaka amalize.