Kanuni ya 184 na foleni ya M6

Ukikaa Hodge Hill, mashariki mwa Birmingham, huna haja ya kuitafuta barabara kuu ya M6. Mvumo wake utakufuata mpaka sebuleni. Barabara hiyo inapita kaskazini mwa mtaa, pale Bromford, juu ya nguzo za zege kwa zaidi ya kilomita 5, hadi makutano ya Gravelly Hill yaliyofunguliwa mwaka 1972, ambayo wenyeji huyaita Spaghetti Junction. Jioni magari hujaa huko juu: yanasimama, yanajikokota, yanasimama tena. Aliyezoea barabara za Dar es Salaam hashangazwi na foleni. Kinachomshangaza ni kwamba mara nyingi, akifika pale foleni inapoishia, hakuti ajali wala lori lililoharibika wala trafiki aliyenyoosha mkono. Magari yanaanza tu kwenda, na dereva anabaki kujiuliza alikuwa anasubiri nini.

Wapo watu wanaotengeneza foleni ya namna hiyo kwa penseli. Fani yao ni otomata za seli. Unachora safu ya vyumba vidogo, unaamua kila chumba kina kitu au ni kitupu, unaweka kanuni moja inayotazama jirani tu, kisha unaiacha ifanye kazi hatua baada ya hatua bila kuingiza mkono. Vifaa vyote ni daftari la hesabu, lile lenye viboksi. Kazi yenyewe ni subira, na ndiyo ninayotaka kuisifu hapa.

Chukua kanuni hii: gari husogea chumba kimoja kwenda kulia kama chumba cha mbele yake ni kitupu; kama kimejaa, linangoja. Magari yote huamua kwa wakati mmoja. Panga matatu yaliyobanana (G ni gari, nukta ni chumba kitupu, na kila mstari ni hatua moja):

G G G . . .
G G . G . .
G . G . G .
. G . G . G

Liangalie la nyuma kabisa. Lina hamu ya kwenda sawa na wenzake, lakini linakaa hatua mbili nzima kabla halijasogea. Sasa zisome nukta badala ya herufi. Nafasi tupu nazo zinatembea, ila zinakwenda kushoto, na zinatii sharti lilelile: nukta husogea pale tu inapokuta gari kushoto kwake. Kwa hiyo katika mstari mmoja una misafara miwili, magari yakienda mbele na nafasi zikirudi nyuma. Uzungushe mstari uwe duara, uyapunguze magari yawe chini ya nusu ya vyumba, na baada ya muda kila gari litakuwa linakwenda bila kusimama. Yakizidi nusu, msongamano hauishi kamwe. Unahama tu, chumba kimoja kwa kila hatua, kinyume na uelekeo wa magari.

Kanuni hii ina namba. Kila chumba kinajitazama chenyewe na majirani zake wawili, kwa hiyo kuna hali 8 zinazowezekana, na kila hali ina jibu la kujaa au kuwa tupu. Hapo unapata kanuni 256, na mwaka 1983 Stephen Wolfram alizipa namba kuanzia 0 hadi 255. Ya magari ni 184.

Mtu wa kawaida angetosheka hapo, ameshapata foleni yake. Fundi wa fani hii anauliza swali jingine: ndugu zake wakoje? Anaweka sharti moja la haki kabisa kwa barabara, kwamba gari lisizaliwe wala lisipotee, kisha anazipitia zote 256 kuona ni ngapi zinaliheshimu. Ni 5. Katika kanuni ya 204 hakuna kinachosogea kamwe. Katika ya 240 vyote vinakwenda kulia kwa pamoja, kama mabehewa ya treni moja, na katika ya 170 vinakwenda kushoto vivyo hivyo. Zinabaki 184 na 226, na hii ya pili ni ileile 184 ikitazamwa kwenye kioo. Katika kanuni 251 zilizosalia magari huibuka hewani au humezwa na lami. Maana yake, ndani ya ukoo huu mzima, barabara ambayo gari halipotei na dereva analazimika kumwangalia mwenzake kabla ya kusogea ni moja tu. Hakuna aliyeibuni. Ilikuwa imekaa humo ikingoja mtu wa kuhesabu. Kwangu mimi ugunduzi wa aina hii unazidi picha zozote za rangi ambazo kompyuta inaweza kutoa.

Koo nyingine hazipitiki kwa mkono. Mwanahisabati John Conway, aliyezaliwa Liverpool mwaka 1937, alikuwa Cambridge alipoanza kutafuta kanuni ya ubao wa pande mbili, ambapo kila chumba kina majirani 8. Hakutaka kanuni ambayo kila kitu kinakufa haraka, wala ile ambayo kila kitu kinafurika ubao mzima. Yeye na wenzake walijaribu kwa miezi mingi, saa za mapumziko, wakipanga kete za Go, sarafu za kigeni na hata kauri. Kanuni waliyoikubali, ambayo Martin Gardner aliitangaza katika jarida la Scientific American la Oktoba 1970, ni fupi: chumba kitupu chenye majirani hai 3 kinazaa, na kilicho hai kinabaki hai kikiwa na majirani 2 au 3. Kisha ikabidi kuitazama. Richard Guy, mmoja wa wenzake hao, alikuwa akifuatilia vipande vilivyotawanyika kutoka katika umbo la vyumba 5 tu, umbo ambalo halitulii mpaka kizazi cha 1,103, alipoona kipande kimoja kimehama mahali pake na bado kinakwenda. Kanuni haikutaja popote neno la kutembea.

Ukoo wa kanuni za namna hiyo una watu 262,144. Ipe kanuni ya Conway nyongeza moja, kwamba chumba kitupu chenye majirani 6 nacho kizae, unaingia katika kanuni iitwayo HighLife. Kwa juujuu zinafanana sana. Lakini mwaka 1994 Nathan Thompson alikuta humo umbo dogo linalojinakili lenyewe, jambo ambalo kwa kanuni ya Conway lilihitaji ujenzi mkubwa wa makusudi na halikukamilika hadi 2013. Ukisoma kanuni hizo mbili kwenye karatasi, huwezi kujua ipi ina mtoto huyo. Lazima uziendeshe, uketi, utazame.

Turudi barabarani. Kanuni ya 184 ina kasoro: madereva wake ni wakamilifu. Mwaka 1992 Kai Nagel na Michael Schreckenberg waliongeza mwendo wa kasi mbalimbali, na wakaongeza udhaifu wa binadamu, yaani mara mojamoja dereva anapunguza mwendo bila sababu. Hilo lilitosha. Foleni zikaanza kuota katikati ya barabara isiyo na kizuizi. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walilithibitisha kwa magari halisi 22 kwenye duara la mita 230: kila dereva aliambiwa ajitahidi kudumisha mwendo mmoja, na msongamano ukazuka, ukaanza kurudi nyuma. Kuchomekea, kama tunavyokujua Ubungo, Dar es Salaam, hakumo katika majaribio haya. Kunahitaji njia mbili na kanuni ya utovu wa adabu.

Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote haihusu magari. Kwa miaka mingi watu walitafuta kanuni moja ambayo, ukiipa duara lolote la vyumba vilivyojaa na vitupu, itakuambia aina ipi ni nyingi zaidi, kwa kuvifanya vyote viwe vya aina hiyo. Kila chumba kinawaona majirani tu, kwa hiyo hakuna anayeweza kuhesabu. Mwaka 1995 Mark Land na Richard Belew walithibitisha kwamba kanuni kamili ya namna hiyo, yenye hali mbili tu, haipo. Miaka miwili baadaye Henryk Fukś akaonyesha kwamba kanuni mbili zikipokezana zinaweza. Ya kwanza ni 184. Yaache magari yajipange mpaka aina iliyo chache isiwe na wawili waliokaa pamoja popote. Kisha ibadilishe uweke 232, ambayo kila chumba kinafuata wengi kati ya watatu, yaani chenyewe na majirani wake wawili. Wachache wanamezwa, na duara lote linabaki rangi moja, ile sahihi. Kazi ngumu ya kuhesabu kura imefanywa na foleni.